Kujihalalishia ni nini, na mbona sio sawa na kudanganya

Kujihalalishia ni kutafuta sababu wakati jambo ushalifanya, halafu unaiamini mwenyewe. Sio uongo wa kawaida, muongo anajua kabisa anadanganya, huyu hajui, yeye anaona anaeleza tu ilivyokuwa.

Chukua mimi. Juzi nimenunua magunia mawili ya dagaa mwaloni, soko la samaki kando ya ziwa, jamaa yangu akaniambia kaka chota na chini uangalie, mi nikaona ananichelewesha tu, wingu lishafunga upande wa ziwani. Kufika nyumbani Buzuruga nafungua moja, juu dagaa wanang'aa, chini mchanga na vichwa vilivyovunjika. Basi hapohapo nikasema mchanga kidogo kawaida, wanaanikwa chini hao, halafu bei ilikuwa poa, halafu wateja si huwa wanaosha? Sababu tatu ndani ya dakika moja, na wakati natoa hela sikuwa na hata moja.

Mwanasaikolojia Mmarekani Leon Festinger aliliandikia kitabu jambo hili mwaka 1957. Kwa lugha yetu ni hivi, "mi mzoefu wa dagaa" na "nimepigwa" haviwezi kulala kitanda kimoja, kimoja kitashuka, na cha kwanza hakishuki ng'o. Mwaka 1959 yeye na James Carlsmith waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford kazi ya kuboa saa nzima, kuzungusha vijiti kwenye ubao na mambo kama hayo, kisha wakaombwa wamwambie anayefuata eti inafurahisha. Wengine wakalipwa dola 20, wengine dola 1. Baadaye walipoulizwa, waliosema kazi ilikuwa nzuri nzuri ni wale wa dola 1! Mwenye 20 anajua kadanganya kwa sababu ya hela, mwenye 1 hana pa kujishika, ikabidi aipende kazi. Na mimi ndo hivyohivyo, hakuna aliyenilazimisha kutochota chini.

Ya wenzetu tunayaona fasta. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Emily Pronin na wenzake walionyesha watu wengi hujiona wanapindisha mambo kidogo kuliko wengine, na hata wakishaelezwa bado wanashikilia wao wamejipima sawa. Nyani na kundule lake, tunalijua toka utotoni na halijatusaidia.

Mi siku hizi naangalia saa tu, hii sababu imekuja kabla ya hela kutoka au baada.

Gunia la pili lipo barazani bado limeshonwa, nasubiri bei ipande.