Historia ya Harakati: Kwanza Uliza Nani Aliandika

Anayetafiti harakati za wanawake na za wapenzi wa jinsia moja nchini Uingereza ana bahati: nyaraka nyingi zimekaa chini ya paa moja, katika maktaba ya chuo cha LSE (London School of Economics), London. Maktaba ya Wanawake, iliyoanza 1926, ilihamia hapo 2013. Jirani yake ni Hall-Carpenter Archives, mkusanyiko wa nyaraka za wapenzi wa jinsia moja. Na ni katika chuo hichohicho, Oktoba 1970, Gay Liberation Front ya Uingereza, kundi lililodai ukombozi wa wapenzi wa jinsia moja, ilifanya mkutano wake wa kwanza.

Ila nyaraka hizo hazikuzaliwa sawa. Wanawake waliodai kura waliandika wenyewe, tena sana. Ombi la 1866, lililofikishwa bungeni na mbunge na mwanafalsafa John Stuart Mill, lilikuwa na sahihi za wanawake karibu 1,500. Baada yake zikaja barua, magazeti, mihtasari ya vikao na beji. Wanaume waliopenda wanaume, kwa sehemu kubwa, waliandikwa na polisi, mahakimu na madaktari. Hadi 1967 tendo lao lilikuwa jinai England na Wales, na barua ya mapenzi iliyofichwa kabatini ingeweza kugeuka kielelezo mahakamani. Jalada la kesi litakuonyesha aliyekamatwa; maelfu walioishi zao kimya hawamo.

Na wanawake waliopenda wanawake? Hao hata mahakamani ni nadra kuwakuta, maana sheria haikuwagusa. Mwaka 1921 wabunge walitaka kuwaingiza kwenye sheria hiyo, House of Lords (baraza la juu la bunge) wakakataa, wakihofia kwamba kulitaja jambo hilo kungewafundisha wasiolijua. (Woga wa wakubwa nao ni ushahidi.) Watafute kwenye shajara, wasia na barua za vyama vya wanawake. Ndiyo maana sishauri mtu asome historia moja akaiacha nyingine.

Mfano wa tahadhari ni tiketi ya treni ya Emily Wilding Davison, mpigania kura za wanawake aliyeingia njiani katikati ya mbio za farasi kule Epsom tarehe 4 Juni 1913, akagongwa na farasi wa mfalme, akafariki siku nne baadaye. Alikutwa na kipande cha kurudia. Wapo wanaokishika kama uthibitisho kwamba hakukusudia kufa. Kwangu mimi, kinathibitisha kwamba alikata tiketi. Nia yake itafute kwingine.

Kabla ya kwenda, pitia katalogi mtandaoni, unukuu namba za majalada na utafute kwa maneno ya zama zile. Beba penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Majalada yenye habari za watu walio hai huenda yakawa yamefungwa.

Kwa mtafiti wa Nairobi au Dar es Salaam, safari haiishii LSE. Vifungu vya kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania kuhusu mapenzi ya jinsia moja vina asili katika sheria za mkoloni, na majalada ya Wizara ya Makoloni yako kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa (National Archives), Kew, magharibi mwa London.