Buti za kikauboi za kuagiza kwa fundi: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Buti za kikauboi si ngeni kwetu. Wapenzi wa muziki wa country kule Kenya huzivaa jukwaani na kwenye nyama choma, na ndugu zetu walioko Dallas na Houston hukutana nazo ofisini, kanisani na hata harusini, chini ya suti. Pamoja na buti zikaja hadithi, nyingi kutoka kwa wauzaji, nyingine kutoka kwa watu walionunua pea ya kiwandani ikawachubua, wakaamini kwamba ndivyo zilivyo zote. Hapa nazungumzia zile za kuagiza, zinazoshonwa kwa kipimo cha mguu wako. Wengi hudhani pesa yote inaenda kwenye ngozi ya ajabu na mapambo. Mimi naona mapambo ni nyongeza tu: unacholipia hasa ni kipimo, na ushonaji unaokubali kufumuliwa na kushonwa upya.

"Lazima ziume kwanza, zitazoea baadaye"

Hii ndiyo imeharibu miguu ya watu kuliko zote. Ngozi hulegea kwa upana, kwa urefu hailegei. Kidole kikigusa ncha siku ya kwanza, kitagusa mpaka buti zitupwe. Mbano wa ubavuni, ule wa kushika bila kuuma, huo ndio utakaoachia kidogo baada ya wiki kadhaa.

Kumbuka kwamba buti hizi hazina kamba wala zipu. Kinachoishika buti isichomoke ni mgongo wa mguu, pale panapoinuka kati ya vidole na kifundo. Pakikaa sawasawa, kila kitu kinafuata. Pakilegea, hata uongeze soksi tatu mguu utasukumwa mbele kila ukishuka ngazi. Ndiyo maana mguu unapoingia kwenye buti iliyopimwa vizuri hukwama kidogo shingoni, kisha huzama kwa mkupuo na pengine kwa mlio.

Halafu kuna kisigino. Mtu anavaa buti mpya, anahisi kisigino kinapanda kama nusu sentimita kila hatua, anakimbilia kusema ni kubwa. Soli mpya ya ngozi ni ngumu na haijajifunza kukunjika na mguu. Ikishakunjika, mpando ule hupungua wenyewe. Kisigino kisichocheza hata chembe siku ya kwanza ndicho cha kutilia shaka, kwa sababu huenda kikabana baadaye. Kikipanda mpaka malengelenge yanatoka, hapo kweli kipimo kimekosewa.

Alama nyingine ya kuangalia ni fundo la kidole gumba. Linatakiwa likae pale soli ilipo pana zaidi. Likiwa mbele au nyuma ya hapo, buti itakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki, na hilo halizoeleki hata uvae mwaka mzima.

"Nitamtajia fundi saizi, inatosha"

Saizi ni lugha ya kiwanda. Fundi wa kweli atakukalisha, aweke karatasi chini ya mguu, achore mzunguko wake kwa penseli iliyosimama wima, kisha apitishe utepe: kwenye mafundo ya vidole, kiunoni mwa mguu (pale unapokonda katikati), juu ya mgongo wa mguu, kutoka kisiginoni kuzunguka mbele, kwenye kifundo, mpaka shavu la mguu. Atapima miguu yote miwili, maana mmoja karibu kila mara humzidi mwenzake. Akishamaliza anachukua kalibu, yaani lile umbo gumu la mguu ambalo buti hushonewa juu yake, iliyo karibu na umbo lako, anabandika vipande vya ngozi pale unapozidi, anavisugua mpaka kalibu ifanane na wewe. Kama una nundu kwenye fundo la kidole gumba, kipande kimoja kitabandikwa pale pale, na buti itashonwa ikiwa tayari imekiachia nafasi.

Kwa hiyo sema kweli. Mwambie kuhusu mfupa uliovunjika zamani, miguu inayovimba jioni, kisukari kama unacho. Nenda mchana au jioni, mguu ukiwa umeshafanya kazi, na vaa soksi utakazovaa na buti hizo. Wateja wanaoringa na kudai "nibanie kidogo, napenda ikae" ndio wale wale wanaorudi baada ya mwezi na malalamiko.

Anayeishi mbali asikate tamaa. Joe Justin, aliyeanza kushona buti Spanish Fort, Texas, mwaka 1879, alijenga biashara yake kwa kuwatumia wafugaji karatasi na utepe wa kujipima wenyewe, wao wakarudisha vipimo kwa posta. Utaratibu huo ungalipo. Ila mtu mwingine akupimie: ukiinama kujipima mwenyewe, uzito unahama na mguu unabadilika umbo.

Kuhusu bei, tegemea kuanzia dola elfu moja na kitu kwenda juu, na mafundi wenye jina hupita hapo kwa mbali. Kusubiri ni miezi, na kwa baadhi yao zaidi ya mwaka. Uliza mapema malipo ya awali ni kiasi gani na zisipokukaa itakuwaje, upewe kwa maandishi. Fundi anayekasirika ukimuuliza swali hilo, mshukuru uondoke.

"Za mkono maana yake hazikuguswa na mashine"

Ingia karakana yoyote ya kuheshimika Texas utakuta cherehani, na mara nyingi itakuwa Singer 31-15 ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya mafundi nguo. Ndiyo inayoshona zile safu za nyuzi za rangi kwenye shingo ya buti, ile sehemu inayopanda juu ya kifundo. Na safu hizo hazikuanza kama urembo: ngozi ya shingo ikishonwa safu juu ya safu pamoja na bitana yake husimama, haijikunji na kulala kifundoni.

Mkono unahesabika mahali ambapo mteja haoni. Kwanza ni mshono wa ndani, unaounganisha uso wa kiatu, soli ya ndani na ule ukanda wa ngozi unaozunguka ukingo. Fundi anachonga ukingo kwenye soli ya ndani, anatoboa kwa msharasi tundu moja baada ya jingine, anapitisha uzi uliopakwa nta kutoka pande zote mbili na kuvuta mpaka ngozi inalia. Viwanda vingi badala yake hubandika utepe kwa gundi chini ya soli ya ndani na kushonea hapo. Si uhuni, na buti za namna hiyo hutembea miaka. Lakini gundi ikichoka, mshono unabaki hauna pa kujishika.

Pili ni kiuno cha soli, pale chini ya upinde wa mguu. Mafundi wengi wa Texas huweka humo msumari mkubwa wa chuma uliopondwa, wakaufunika kwa ngozi, kisha wakapigilia safu za vijiti vidogo vya mti mgumu kila upande. Kwa nini mti na si misumari? Chuma hupata kutu na kuila ngozi. Kijiti hupata unyevu pamoja na soli, kikavimba nayo na kukauka nayo, kwa hiyo hakilegei. Ncha zinazochomoza ndani husuguliwa kwa tupa mpaka ukipapasa husikii kitu. Ukitaka kujua kama muuzaji anasema kweli, geuza buti utazame kiunoni: vijiti vya kweli vinaonekana kama nukta za mti zisizolingana sana. Nukta zilizokaa sawa mno zinaweza kuwa zimegongwa kwa muhuri tu.

"Ni kiatu cha mzungu wa Texas"

Ufugaji wa kupanda farasi na kurusha kamba ulitoka kwa wachungaji wa Mexico, na vifaa vingi vya kauboi vilitoka kwao. Buti zenyewe zilikomaa Kansas miaka ya 1870, kwenye miji kama Coffeyville na Olathe, katika jimbo ambako ziliishia safari nyingi za mifugo kutoka Texas. Salvatore Lucchese, ambaye jina lake leo liko kwenye buti za bei ya kutisha, alikuwa mhamiaji kutoka Sicily aliyefungua duka San Antonio mwaka 1883. Leo kitovu cha Marekani ni El Paso, mpakani, na mikono inayoshona pale kwa sehemu kubwa ni ya watu wenye asili ya Mexico. Ng'ambo ya mpaka, mji wa León katika jimbo la Guanajuato umejaa viwanda na mafundi. Kudharau buti kwa sababu tu imeshonwa huko ni ujinga wa lebo.

Na waliozivaa? Makauboi weusi walikuwa wengi, baadhi yao watu waliozaliwa utumwani. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, ndiye anayesifika kwa kuanzisha mchezo wa kuruka kutoka juu ya farasi na kumwangusha maksai kwa pembe, mchezo ambao mpaka leo uko kwenye rodeo, yale mashindano ya makauboi. Kwa hiyo Mwafrika aliyevaa buti hizi hajaazima utamaduni wa mtu.

"Ngozi ghali ndiyo imara"

Bei ya ngozi inafuata uhaba na mtindo. Ya kenge na ya chatu hupendeza, lakini magamba huinuka yakikauka na kuchanika pembeni. Ya taa, yule samaki, ni ngumu ajabu na hata kisu hupata taabu juu yake, ila mshono wake unamtesa fundi na wewe utalipia mateso hayo. Ya mamba inadumu ikitunzwa, na bei yake mnaijua. Mbuni ndiye ninayempenda: ngozi yake ni laini tangu siku ya kwanza na inavumilia. Zile nundu zinazoonekana juu yake ni mahali manyoya yalipoota, na ziko kwenye sehemu ya mgongo tu, ndiyo maana buti yenye nundu kila mahali huuzwa juu kuliko ya ngozi ya mguu wa mbuni. Nyingi hutoka mbuni wa kufugwa wa Afrika Kusini, eneo la Oudtshoorn.

Lakini kwa pea ya kwanza, chukua ndama. Inang'aa, inashoneka vizuri, na ikichubuka inarudishika.

Kuna na suala la sheria. Mamba wa Marekani, yule aitwaye alligator, aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1967 na kutangazwa amepona mwaka 1987, na biashara ya ngozi yake inaendelea kwa vibali. California inakataza kuuza bidhaa za chatu na kangaruu. Kenya nayo, kwa sheria yake ya wanyamapori ya 2013, haina mzaha na nyara zisizo na kibali. Kabla hujapanda ndege kwenda Nairobi na buti za chatu au tembo, uliza wanaohusika. Za ndama hakuna atakayekuuliza.

"Zilichongoka tangu zamani"

Hapana. Buti za awali zilikuwa na ncha ya mviringo au ya mraba. Ule mchongoko wa sindano ni fasheni ya karne ya 20. Na haubani vidole kama watu wanavyodhani, kwa sababu kwenye buti iliyopimwa vidole huishia kabla ncha haijaanza kukonda. Kisigino kirefu kilichoinamia ndani ndicho chenye kazi ya zamani: kuzuia mguu usipenye kikuku cha tandiko, mpanda farasi akianguka asiburutwe.

"Mafuta mengi ndiyo afya ya ngozi"

Ngozi iliyolowa mafuta hulegea, hugeuka rangi na kukataa polishi. Futa vumbi kwa brashi kila baada ya kuvaa. Kitambaa chenye unyevu kidogo kwa tope. Losheni ya ngozi, tone dogo, pale tu unapoona imekauka na kufifia. Mafuta ya kupikia weka mbali kabisa, huchacha na kuacha madoa. Ngozi yenye magamba ifute kufuata magamba, usiende kinyume. Ile iliyogeuzwa upande wa manyoyamanyoya nje haitaki mafuta wala polishi, brashi tu.

Zikiloa, usizianike juani wala karibu na jiko. Joto hukausha ngozi haraka kuliko inavyoweza kuvumilia, na ufa ukishatokea kwenye mkunjo hakuna dawa. Jaza magazeti, yabadilishe yakiloa, zilaze ubavu ili soli nayo ipate hewa, hata ikichukua siku mbili tatu. Walioko Mombasa, Zanzibar au Dar wana adui mwingine, ukungu. Kabati lililofungwa na mfuko wa plastiki ndivyo vinavyoulea. Ziweke penye hewa, na usivae pea moja siku mbili mfululizo, maana jasho la jana bado liko ndani.

Na acha kuvua kwa kukanyaga kisigino cha buti moja kwa ncha ya nyingine. Unavunja ile ngozi ngumu ya nyuma inayoshika kisigino. Kibao cha mti chenye pengo la umbo la V kinamaliza kazi hiyo, na seremala yeyote atakukatia.

"Soli ikiisha, buti zimekwisha"

Ndipo faida ya ule mshono wa ndani inapoonekana. Soli hufumuliwa, nyingine ikashonwa kwenye ukanda ule ule, na pea iliyotunzwa hubadilishwa soli mara kadhaa. Raba ya chini ya kisigino fundi wa mtaani anaweza kuibadilisha, usingoje mpaka iishe ifike kwenye ngozi. Ila soli yenyewe usikubali ibandikwe kwa gundi juu ya ile iliyochakaa. Minya katikati ya soli kwa kidole gumba: ikibonyea, ipeleke wiki hiyo hiyo. Ukisubiri tundu, maji na mchanga vitaingia mpaka soli ya ndani, na kubadilisha hiyo ni sawa na kumwomba fundi azishone upya.