Mgonjwa wenu hajakataliwa upasuaji, anasubirishwa

Malalamiko yamekuwa mengi, ndugu wanasema mgonjwa wao amerudishwa "eti kisa kikohozi" na madaktari wanaogopa kuambukizwa. Jamani, hakuna aliyekataliwa. Kupasua njia ya hewa siyo kama kupasua mguu, ukishafungua trakea (bomba kuu la hewa shingoni) ya mtu mwenye TB au Uviko hewa ya mapafuni inatoka moja kwa moja usoni kwa waliomzunguka, na zile chembe ndogo zinabaki zinaelea, haziendi chini haraka kama mate.

Kwa hiyo kama siyo dharura tunasubiri dawa zifanye kazi. Akiwa amekabwa au uvimbe umeziba hewa, hapo hatungoji majibu ya vipimo, tunamhesabu kama anaambukiza na tunaingia.

Tukimtoboa shingoni mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, ili kibomba cha hewa kipite hapo, kwanza anajazwa oksijeni, anapewa dawa ya kulegeza misuli asikohoe hata kidogo, halafu mpira wa kupumulia ulioko kooni unasukumwa chini ili puto lake lipite pale patakapokatwa. Kabla kisu hakijagusa trakea mashine inasimamishwa, tunaacha pumzi iishe, tunakata, kibomba kinaingia, puto linajazwa, filta inaunganishwa, ndiyo mashine inawashwa tena. Muda wote huo mgonjwa hapumui, kwa hiyo anakata mzoefu, siyo mwanafunzi, na thieta wanabaki wachache tu.

Barakoa ni N95, ile inayochuja chembe ndogo, iliyopimwa usoni kwa kila mtu kama inabana bila kuvuja, na ndevu zinavujisha hewa, kwa hiyo asiyefaulu kipimo haingii hata awe bosi, akiingia kinyemela anatolewa na fomu ya tukio inajazwa. Kuvua ndiko wengi wanakojichafua, kwa hiyo kuna mtu anasimama kumuangalia anayevua, glavu kwanza, barakoa mwisho kabisa akiwa ameshatoka nje ya chumba.

Baada ya hapo chumba kinaachwa. Kikibadilisha hewa mara 12 kwa saa, inachukua kama dakika 35 kuondoa asilimia 99.9 ya chembe, kikiwa na mara 6 ni zaidi ya saa nzima. Foleni yenu inachelewa hapo, siyo uvivu.

Kinachotuumiza ni kufichwa. Mtu anakohoa wiki tatu, anatoka jasho usiku, akiulizwa anasema ni vumbi kwa kuogopa tarehe isisogezwe. Tafadhali semeni mapema kabla ya siku ya upasuaji, na kama nyumbani kuna anayetumia dawa za TB litajeni hilo pia hata msipoulizwa.