Je, jino lililoanza kuoza halirudi tena?

Wengi tumeamini kwa miaka kwamba jino likishaanza kuoza, ni kuziba au kung'oa tu. Kwa tundu lililokwisha kutoboka ni kweli, maana seli zinazojenga enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hupotea jino linapochomoza. Lakini kuoza huanza kabla ya tundu. Asidi ya bakteria inaposhusha pH (kipimo cha uasidi; kikishuka, asidi imezidi) chini ya takriban 5.5, kalsiamu na fosfeti hutoka kwenye enameli, na huweza kubaki doa jeupe lisilong'aa. Hapo bado pana nafasi, na natamani kila mzazi ajue hilo: mate hurudisha madini hayo, na floraidi husaidia yashike.

Ili kupima urejeshaji huo maabarani, meno yaliyong'olewa huzamishwa kwenye asidi, kisha kwenye myeyusho wa madini, na ugumu wake hupimwa kabla na baada. Kinywa, hata hivyo, si chupa ya maabara. Ukikutana na dai la dawa “inayootesha jino”, uliza: ilijaribiwa wapi, na kwa doa au kwa tundu? Soma pia kiwango cha floraidi kwenye dawa yako ya meno. Doa lenyewe mwonyeshe daktari wa meno, kwa kuwa si kila doa jeupe ni dalili ya kuoza.