Brøndby, na hadithi ya ufukweni ya mwaka 1992

Kila Euro, mashindano ya mataifa ya Ulaya, inapokaribia, lazima atokee mtu wa kuisimulia tena. Kwamba mwaka 1992 Yugoslavia walifungiwa, Denmark wakaokotwa ufukweni na kandambili miguuni, wakaenda Sweden bila hata mazoezi, wakarudi na kombe. Ni hadithi tamu, ndiyo maana watu hawaichoki. Mimi inaniuma, kwa sababu inawafuta watu waliohangaika karibu miaka 20 kwenye kitongoji kimoja magharibi mwa Copenhagen. Klabu yao ni Brøndby, na dhana nyingi potofu kuhusu soka la Denmark ukizifuatilia zinakufikisha mlangoni kwake. Tuanzie hapo, ufukweni tutarudi.

"Brøndby ni timu kongwe ya Copenhagen"

Si kongwe, na ukiwaita watu wa Copenhagen utawaudhi. Klabu ilizaliwa tarehe 3 Desemba 1964. Wakati huo KB, klabu ya jijini, ilikuwa tayari na miaka 88. Brøndby ilitokana na kuunganishwa kwa vyama viwili vya michezo vya vijiji jirani, Brøndbyvester na Brøndbyøster, yaani Brøndby ya magharibi na Brøndby ya mashariki. Jina rasmi bado limebeba ndoa hiyo: Brøndbyernes Idrætsforening. Angalia ule mkia wa neno la kwanza, -ernes. Unaonyesha wingi na umilikaji kwa pamoja, kwa hiyo maana yake ni chama cha michezo cha akina Brøndby, wote wawili. Brønd kwa Kidenishi ni kisima, by ni mji. Anayeandika "Brøndby FC" anakosea; herufi sahihi ni IF, na lile neno idræt ni michezo kwa jumla, si kandanda peke yake.

Mahali penyewe ni manispaa inayojitegemea, yenye meya na baraza lake. Eneo lote lile Wadenishi huliita Vestegnen, upande wa magharibi: viwanda, barabara kuu, maghorofa ya wafanyakazi yaliyojengwa miaka ya 1960 na 1970, na familia nyingi zilizohamia kutoka Uturuki, Pakistan na kwingineko. Timu hujulikana kama drengene fra Vestegnen, vijana wa Magharibi. Jukwaa la kusini, wanaloliita Sydsiden, ndilo lenye kelele, na siku ya mechi kubwa hujaa njano na bluu toka chini hadi juu. Huwezi kulielewa jukwaa lile kama unadhani unatazama timu ya mji mkuu. Wanaoimba pale wanaimba dhidi ya mji mkuu.

"Walinunua ubingwa wao"

Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana inahitaji kufumuliwa polepole.

Mwaka 1973 yalitokea mambo mawili. Per Bjerregaard, daktari kwa taaluma ambaye alikuwa ameichezea timu, akawa mwenyekiti. Na Finn Laudrup, aliyewahi kuichezea timu ya taifa, alikuja kuwa mchezaji na kocha kwa pamoja, wakati klabu ikiwa bado kwenye madaraja ya chini. Finn alikuja na watoto wawili wa kiume. Michael alikuwa na miaka 9, Brian miaka 4.

Brøndby walipanda ligi kuu kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Mechi yao ya kwanza kabisa huko juu waliwafumua klabu ya B 1909 mabao 7-1, na Michael, akiwa bado na miaka 17, akafunga mawili. Mwaka uliofuata Juventus wakamchukua. Mwaka 1985, msimu wao wa nne tu katika ligi kuu, wakawa mabingwa.

Sasa tazama tarehe. Denmark iliruhusu soka la kulipwa mwaka 1978 tu. Kabla ya hapo ilikuwa ridhaa tupu, na hata baada ya ruhusa wachezaji wengi waliendelea kuwa na kazi zao mchana na mpira jioni. Brøndby ndio waliokuwa wa kwanza nchini kuwafanya wachezaji wao wasiwe na kazi nyingine zaidi ya mpira, na hilo lilikuwa mwaka 1986. Hisa za klabu ziliingia soko la hisa la Copenhagen mwaka 1987, miaka 4 kabla ya Manchester United kufanya hivyo London. Ubingwa wa kwanza ulitangulia vyote viwili. Walioanza kushinda walikuwa vijana waliokuzwa na watu waliojitolea. Fedha zilifuata ushindi, kisha zikasaidia kuendeleza. Kati ya 1985 na 1991 Brøndby walichukua ubingwa mara 5.

Na fedha zilipotafutwa kwa pupa, nusura ziizike klabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uongozi uliamua kununua benki, ndiyo, benki, iliyoitwa Interbank. Mwaka 1992 Hafnia, kampuni kubwa ya bima iliyokuwa mshirika wao, ikaanguka, na Brøndby wakabaki na mzigo wa deni lisilobebeka. Klabu ilifika ukingoni mwa kufilisika. Ilipumua kwa kubana matumizi na kuuza wachezaji, kisha ikachukua ubingwa mara 3 mfululizo, 1996, 1997 na 1998. Mimi kama ningeulizwa ubingwa upi una thamani zaidi, ningetaja huu wa 1996 kabla ya ule wa 1985.

"Wao na FC København ni watani wa jadi wa karne nzima"

FC København (København ni Copenhagen kwa Kidenishi) ilianzishwa mwaka 1992, ikiunganisha KB ya 1876 na klabu ya B 1903. Utani huu, pamoja na ukali wake wote, ni mdogo kwa umri kuliko watu wengi wanaousimulia. Kabla yake mtani wa Brøndby alikuwa jirani, Hvidovre. Kinachofanya uonekane mzee ni mambo mengi kutokea kwa muda mfupi. Wapo mashabiki wa Brøndby ambao mpaka leo hawataki kukumbushwa Juni 2001, pale Sibusiso Zuma wa Afrika Kusini alipotuliza mpira kifuani, akajigeuza hewani na kufunga kwa tikitaka kwenye mechi ambayo København walibebea ubingwa mbele yao.

"Walikuwa Wadenishi wa kwanza kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa"

Hapana. Aalborg, AaB, waliwatangulia msimu wa 1995/96, wakichukua nafasi ya Dynamo Kyiv waliotolewa mashindanoni. Zamu ya Brøndby ilikuwa 1998, na walitupwa kundi moja na Bayern, Barcelona na Manchester United. Wengi wanakumbuka kipigo cha 6-2 nyumbani mbele ya United. Wachache wanakumbuka mechi ya kwanza: Bayern wanaongoza 1-0 hadi dakika za lala salama, Kim Daugaard anasawazisha, Allan Ravn anafunga la ushindi. 2-1. Miezi michache baadaye, kwenye fainali ya mashindano hayohayo, Bayern walikufa kifo kilekile mbele ya United.

"Ni klabu iliyokwisha"

Ubingwa wa 2005, chini ya Michael Laudrup akiwa kocha, ulifuatiwa na ukame wa miaka 16. Mwaka 2013 walinusurika kushuka daraja na kufilisika kwa wakati mmoja. Lakini tangu walipopanda mwaka 1982 hawajashuka hata mara moja, na tarehe 24 Mei 2021 waliifunga Nordsjælland 2-0 wakabeba ubingwa wa 11.

"Schmeichel alitengenezwa Manchester"

Hii nimeisikia hata kwa watangazaji. Peter Schmeichel alitoka Hvidovre kwenda Brøndby mwaka 1987, na alipoondoka kwenda Old Trafford mwaka 1991 kwa pauni 505,000 tu alikuwa amekamilika. Ushahidi ni Kombe la UEFA la msimu wa 1990/91, ambalo nadhani ndiyo safari nzuri zaidi ya klabu ya Denmark kwa kizazi kile.

Kocha alikuwa Morten Olsen. Waliwachapa Eintracht Frankfurt 5-0 nyumbani na kulipia karibu yote ugenini, 4-1. Kisha ukuta ukafungwa: Ferencváros 3-0 na 1-0, Bayer Leverkusen 3-0 na 0-0. Robo fainali dhidi ya Torpedo Moscow ilimalizwa kwa mikwaju ya penalti. Nusu fainali walikutana na Roma. Mkondo wa kwanza, suluhu. Marudiano jijini Rome, Roma wakatangulia, kisha beki wao Sebastiano Nela akajifunga. 1-1, na kwa bao la ugenini Brøndby walikuwa wanakwenda fainali. Zikiwa zimebaki dakika chache sana Rudi Völler akaupata mpira ndani ya boksi na kuusukuma wavuni. Timu ya kitongoji, miaka 9 tu tangu iingie ligi kuu ya nchi ndogo, ilikosa fainali ya Ulaya kwa dakika za kuhesabika kwenye vidole.

Miaka hiyo Brøndby walikuwa pia na Uche Okechukwu, beki wa Nigeria aliyejiunga mwaka 1990 na kuuzwa Fenerbahçe mwaka 1993, kabla ya kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1994. Namtaja kwa sababu kuna wanaoamini kwamba Waafrika waliingia soka la Denmark kupitia vituo vya vijana vya klabu za Midtjylland na Nordsjælland. Vituo hivyo vimefanya makubwa, lakini Uche aliwatangulia kwa zaidi ya muongo. Kwetu Afrika Mashariki njia hiyo ilipitiwa na Emmanuel Okwi alipokwenda SønderjyskE mwaka 2015, na Kelvin John alipojiunga na AaB mwaka 2024.

Turudi ufukweni

Kwanza, Denmark hawakuokotwa. Kwenye kundi la kufuzu walimaliza wa pili, pointi moja nyuma ya Yugoslavia, na walikuwa wamewafunga Yugoslavia hao 2-1 kwao Belgrade. Pili, Yugoslavia walipoondolewa mwishoni mwa Mei 1992, kikosi cha Denmark kilikuwa kimeshaitwa kwa mechi ya kirafiki ya tarehe 3 Juni dhidi ya timu ya nchi zilizokuwa Muungano wa Kisovieti. Wapo waliokuwa wameanza likizo, hasa waliocheza nje, na kocha Richard Møller Nielsen alikuwa amepanga kukarabati jiko la nyumbani kwake. Hayo ni kweli. Kutoka hapo hadi "bila mazoezi" ni mbali.

Tatu, na hili ndilo ninaloomba likumbukwe, timu ilikuwa inajuana. Chukua kikosi kilichoanza fainali dhidi ya Ujerumani, tarehe 26 Juni, Gothenburg. Schmeichel, Lars Olsen, Kent Nielsen na Brian Laudrup walikuwa wamepita Brøndby. Kim Christofte, John Jensen na Kim Vilfort walikuwa bado wako Brøndby. Watu 7 kati ya 11. Sivebæk, Piechnik, Henrik Larsen na Povlsen ndio pekee waliotoka kwingine. Mabeki wale na kipa wao walikuwa wamepangana mbele ya goli lilelile kabla ya mtu yeyote kuwaza kwamba kungekuwa na nafasi Sweden. Michael Laudrup hakuwamo, ingawa watu wengi huapa kwamba walimwona; alijitoa timu ya taifa mwaka 1990 akitofautiana na kocha, na kombe lile hana.

Nusu fainali dhidi ya Uholanzi iliishia kwenye penalti. Schmeichel alipangua ya Marco van Basten. Ya mwisho alipewa Christofte. Hakurudi nyuma kuvuta kasi kama wanavyofanya wengine. Alisimama karibu kabisa na mpira, akapiga hatua kama mbili hivi, akamhadaa kipa na kuuweka pembeni. Mtu aliyetoka kuchomwa jua hawezi kuwa na utulivu ule.

Kwenye fainali Jensen, kiungo ambaye kufunga hakukuwa kazi yake, alipiga shuti moja la juu ambalo kipa wa Ujerumani hakulifikia. Bao la pili lilikuwa la Vilfort, zikiwa zimebaki kama dakika 12, kwa mguu wa kushoto, mpira ukagonga mwamba wa pembeni na kuingia. Mabao yote mawili ya fainali ya Ulaya yalifungwa na wachezaji wa klabu moja ya Denmark.

Binti wa Vilfort, mwenye miaka 7, alikuwa akiugua saratani ya damu wakati wote wa mashindano. Baba aliondoka kambini kwenda kukaa naye, akaikosa mechi ya Ufaransa, kisha familia ikamhimiza arudi. Alicheza nusu fainali, akacheza fainali, akafunga. Mtoto alifariki wiki chache baadaye.

Jensen alinunuliwa na Arsenal kiangazi kilekile. Vilfort alirudi Brøndby, klabu ikiwa inazama kwenye deni la Interbank, akabaki hapo na kuchukua nayo ubingwa wa 1996, wa 1997 na wa 1998, mwaka aliotundika daruga.