Nguruwe aliyezaa hanuki, wanaonuka ni dagaa wako

Wiki hii tena, safari hii Buhongwa, hapa Mwanza. Mama wa watu ana jike aliyepandwa na kaka yake humo humo bandani, amezaa, amenyonyesha, na sasa dalali kaja na wimbo wake: nguruwe akishazaa nyama inanuka, kwa hiyo amwachie kwa bei ya kutupa. "Dokta, si ndivyo?" Sivyo, mama. Sivyo kabisa. Dalali huyo huyo akimfikisha kwenye kitimoto, kilo inauzwa bei ile ile ya nguruwe wengine. Sijawahi kusikia mteja akiulizwa kama anataka ya mwali au ya mzazi.

Nianze na mimba zenyewe, haraka haraka. Dume wa miezi mitano hivi anaweza kutia mimba, na jike wa umri huo anaweza kuwa ameshaanza joto. Undugu hawaujui. Hasi madume wiki mbili za mwanzo, au watenganishe kabla ya mwezi wa nne. Ukimwona jike amesimama kakaza miguu, masikio juu, ukimkandamiza mgongo hasogei, jua kazi inafanyika au imeshafanyika. Hesabu siku 21. Asiporudi joto, chukulia ana mimba, na atazaa siku ya 114, miezi mitatu na wiki tatu na siku tatu. Watoto wa kaka na dada wakue waliwe. Usiweke hata mmoja wa mbegu.

Sindano ya kutoa mimba ipo, prostaglandini. Wanaonipigia simu asubuhi baada ya tukio nawaambia wasubiri, maana kwa nguruwe siku 12 hivi za mwanzo haisaidii kitu. Baada ya hapo mimba hutoka ndani ya siku moja au mbili. Lakini si dawa ya kununua na kujichomea nyuma ya nyumba: inapenya kwenye ngozi, na mama mjamzito au mtu mwenye pumu hatakiwi hata kuishika.

Nitoe au niache, hapo ndipo vitabu vinaponiacha peke yangu. Vinasema jike apandishwe akiwa na miezi saba au minane, sawa, ila huyu ana mitano na ameshapandwa. Nimeona wadogo wakizaa watoto wachache bila shida yoyote, nimeona na waliokwama usiku kucha. Ninachoangalia ni upana wa nyonga na kama kuna mtu atakayekesha naye. Hata hivyo msimamo wangu hubadilika.

Kumchinja na mimba changa hakuharibu nyama. Mimba ikishakuwa kubwa nakataa. Ndani kuna watoto waliokamilika, na nusu ya kile unachodhani ni unono ni maji na kondo.

Sasa harufu, ambayo ndiyo imenikalisha kuandika. Harufu mbaya ya nguruwe inayojulikana kitaalamu ni ya dume asiyehasiwa. Inatokana na vitu viwili vinavyojikusanya kwenye mafuta: androstenoni, inayotengenezwa kwenye korodani, na skatoli, inayotoka tumboni. Jike hana korodani, na kuzaa hakumpi. Kwa hiyo wanaoapa kwamba wamekula jike aliyezaa na alinuka, wanasema uongo?

Hapana, wengi nawaamini. Fikiria tunavyolisha huku ziwani. Jike akinyonyesha anahitaji protini nyingi, na protini ya bei nafuu Mwanza ni vumbi la dagaa kutoka mwaloni Kirumba, au mabaki ya sangara. Anamwagiwa mpaka watoto waachishwe. Wiki hiyo hiyo mwenye banda anamuuza, hataki kumlisha bure. Mafuta ya samaki yameshaingia kwenye mafuta ya nguruwe, nyama inanuka samaki, na lawama anabebeshwa uzazi. Mlishe hivyo hivyo jike ambaye hajawahi kuona dume, atanuka vile vile.

Pima mwenyewe siku ya kuchinja. Kata kipande cha mafuta ya shingoni, kiasi cha kidole gumba, weka kwenye kikaango cha moto bila chumvi wala limau, inama unuse wakati yanaanza kuyeyuka. Samaki utamjua. Harufu ya dume ni nyingine, kama mkojo uliolala, na si kila pua inaisikia. Mwite na mkeo anuse.

Huwa nawaambia watu waache dagaa mwezi mzima kabla ya kuchinja. Ukweli ni kwamba kwa jike mnene mwezi unanitia shaka, mafuta ya mwilini hayabadiliki haraka hivyo. Ila nikisema miwili hakuna atakayenisikiliza. Badala yake mpe mashudu ya alizeti au soya pamoja na pumba. Mashudu ya pamba, ambayo Usukumani yamejaa, mwachie ng'ombe. Yana gosipoli, tumbo la ng'ombe linaimudu, nguruwe inamuua polepole.

Dalali ana nusu ya ukweli kwenye ugumu wa nyama. Umri unakaza nyuzi, na jike wa mizao mitano au sita ukimweka moja kwa moja kwenye mkaa utatafuna mpaka taya ziume. Huyo mchemshe kwanza ndipo umkaange, au auzwe kwa watengeneza soseji. Marekani majike waliostaafu uzazi huishia huko kwa wingi. Lakini jike wa mzao mmoja, ambaye hata mwaka na nusu hajafika? Mezani, na ndizi na kachumbari, hunitofautishii.

Usimchinje siku ya kuachisha. Amekonda, na matiti yamejaa maziwa, kisu kikigusa yanachuruzika kwenye nyama ya tumbo na bucha anaishia kukata na kutupa. Mpe wiki sita hivi za kula vizuri, matiti yakauke, mgongo urudi. Kama alichomwa antibayotiki baada ya kuzaa, soma kwenye chupa muda wa kusubiri kabla ya kuliwa na uuheshimu. Na mkaguzi wa nyama aitwe, hasa kama jike alikuwa akizurura mtaani, kwa sababu ya tegu.

Katika hizo wiki sita ndipo wengi wananirudia. Jike akiachishwa watoto, siku ya nne mpaka ya saba anarudi kwenye joto, na kaka yake bado yuko chumba cha pili, ukuta wa mabanzi. Dume ndiye atangulie buchani. Akiwa hajahasiwa mpaka leo, yeye ndiye wa kukaanga kipande chake kwanza kabla hujapanga bei.