Fizi zikitoka damu: lini tukwangue, lini tupasue?

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa udaktari wa meno huuliza sana wakianza zamu ya kliniki ya fizi. Nayajibu kama ninavyoyajibu pembeni ya kiti cha mgonjwa.

Mgonjwa anasema akipiga mswaki anatema damu. Naanzia wapi?

Jua kwanza kama ugonjwa umeishia kwenye fizi au umeshaingia kwenye mfupa. Mwaka 1965 mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na wenzake, nchini Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walivimba fizi. Waliporudia mswaki, fizi zikapona. Hiyo ni jinjivaitisi, uvimbe wa fizi peke yake, na hupona. Periodontaitisi ni nyingine: nyuzi zinazolishika jino zimekatika, mfupa umeliwa, na kilichokwenda hakirudi chenyewe.

Kinachokuonyesha tofauti ni kijiti cha kupimia mifuko ya fizi, yaani nafasi kati ya ufizi na jino, pande sita za kila jino. Wengi wenu mnakisukuma kwa nguvu mno. Jaribu kwanza kwenye kidole chako: weka ncha chini ya ukucha wa gumba, bonyeza mpaka nyama ipauke kidogo bila kuuma. Nguvu hiyo, kama gramu 25 hivi, inatosha.

Halafu usiandike kina cha mfuko peke yake. Mfuko wa milimita 3 unaonekana salama, lakini kama ufizi umeshuka milimita 4 na kuacha mzizi wazi, jino hilo limepoteza mshiko wa milimita 7. Nimeona faili nyingi zenye namba nzuri na meno yanayocheza.

Mfuko una milimita 7. Kwa nini tusipasue leo?

Kwa sababu sehemu ya hizo 7 ni uvimbe. Ukoga (utando laini wa bakteria) na ugaga (ukoga ulioganda ukawa mgumu) ukiondolewa juu na chini ya ufizi, uvimbe hunywea, ufizi hukaza, na mfuko unaweza kupungua bila kisu. Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la Periodontolojia wa mwaka 2020 unapanga matibabu kwa hatua nne: kumfundisha mgonjwa usafi na kushughulikia vihatarishi kama sigara, kukwangua chini ya ufizi, kurudia au kupasua palipobaki na ugonjwa, kisha ufuatiliaji. Kwa kawaida unampima tena baada ya miezi mitatu hivi. Mifuko ya milimita 4 na 5 inayotoka damu, kwangua tena. Ya 6 na kuendelea, hapo upasuaji unaingia kwenye mazungumzo.

Na kama bado hajajua kupiga mswaki, subiri. Mtafiti Nyman na wenzake walionyesha mwaka 1977 kwamba kuwapasua wagonjwa ambao vinywa vyao vimejaa ukoga kunaishia kwa kupoteza mshiko zaidi. Mpe mswaki mkononi, mshikie kioo, mwambie akuonyeshe anavyofanya. Utaona anaruka upande wa ndani wa meno ya chini, palepale ugaga unapoganda sana.

Mgonjwa anakataa kukwanguliwa. Anasema meno yatalegea.

Msikilize, hajalitunga. Ugaga mwingi hushikanisha meno kama saruji. Ukitoka, jino lililokuwa limeshapoteza mfupa linaanza kucheza, na uvimbe ukinywea nafasi zinaonekana kati ya meno. Mwambie haya yote kabla hujashika chombo. Akiyaona nyumbani bila kuambiwa, harudi, na kwa ugonjwa huu mgonjwa asiyerudi ndiye anayepoteza meno.

Upasuaji wenyewe unafanya nini?

Unakupa macho. Baada ya sindano ya ganzi, unakata kuzunguka shingo za meno, unafunua ufizi hadi mfupani, unatoa nyama iliyooza na uvimbe, kisha unaukwangua mzizi ukiuona. Chini ya ufizi uliofungwa, kwenye mfuko mrefu au pale mizizi ya gego inapogawanyika, hata mkono mzoefu huacha vipande vya ugaga. Vipembe vya ufizi kati ya meno vibebe kwa upole; ukivichana, mfupa unabaki bila kifuniko na mgonjwa anabaki na mapengo meusi. Osha kwa maji ya chumvi ya hospitali, rudisha ufizi, shona.

Shimo la mfupa lenye kina cha milimita 3 au zaidi linafaa kufikiriwa kwa matibabu ya kuotesha mfupa upya, kwa utando maalumu, mfupa wa kupandikiza au jeli ya protini za enameli. Shimo lenye kuta tatu za mfupa hupona vizuri kuliko lenye ukuta mmoja.

Nimpe antibiotiki?

Kwa kawaida hapana. Ukoga ni utando ulioshikamana; vidonge haviubandui.

Mgonjwa ana kisukari, au anavuta sigara?

Sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona, na fizi zenye ugonjwa nazo huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Zungumza na daktari wake kabla ya kupanga siku. Mvutaji atakudanganya bila kukusudia: fizi zake hutoka damu kidogo hata ugonjwa ukiwa mzito. Mpime, usiridhike na kutazama.

Baada ya kushona?

Asipige mswaki mahali pa kidonda mpaka umwambie. Asukutue klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya kinywani, asubuhi na jioni, na umuonye kwamba meno yanaweza kupata rangi ya kahawia. Nyuzi nyingi hutolewa kati ya siku 7 na 14. Palipooteshwa mfupa, usiingize kijiti cha kupimia kabla ya miezi sita, hata hamu ya kuona matokeo ikikusumbua. Kisha mwandikie miadi ya miezi mitatu kabla hajainuka kitini.